Matengenezo ya Nyumba ya Kupanga Yanapocheleweshwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wapangaji waliokwisha kusema, wakasubiri, wakasema tena. Sheria za pango hutofautiana nchi na nchi, na pale tofauti inapoweza kukuumiza tumesema hivyo wazi. Jambo moja halibadiliki popote: mpangaji mwenye haki lakini asiye na maandishi huwa na kazi kubwa kuliko yule aliyeandika tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanakurudisha kwenye maandishi.

## Mambo ya msingi

1. Ni matengenezo gani ni ya mwenye nyumba, na yapi ni yangu?

Vile vinavyoifanya nyumba ikalike ni juu ya mwenye nyumba: paa, kuta, msingi, ngazi, mabomba yaliyofukiwa, mfumo wa maji taka, nyaya za umeme, na sehemu zote mnazotumia pamoja na wapangaji wengine. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu za pamoja. Sheria ya mwaka 1985 inayotumika England inataja muundo wa nyumba pamoja na mifumo ya maji, gesi, umeme na usafi. Maneno ni tofauti, lakini mgawanyo unakaribiana.

Ya kwako ni usafi, balbu, kuzibua sinki uliloliziba kwa mabaki, kioo ulichovunja wewe au mgeni wako. Rangi iliyofifia, kitasa kilicholegea kwa miaka ya kufungua na kufunga, koki iliyochoka: huo ni uchakavu wa kawaida, na uchakavu wa kawaida si kosa la mpangaji.

2. Hatukuandikiana mkataba. Bado nina haki ya kudai matengenezo?

Ndiyo. Katika nchi nyingi, anayekaa kwenye nyumba na kulipa kodi inayopokelewa ni mpangaji hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo. Utakachohitaji ni kuonyesha kwamba upangaji upo: risiti za kodi, ujumbe wa malipo kwenye simu, taarifa ya benki, au mazungumzo ambamo mwenye nyumba anakukumbusha kodi. Vikusanye leo, kabla hamjaanza kuvutana.

3. Mkataba unasema “matengenezo yote ni juu ya mpangaji”. Nimekwama?

Si lazima. Kuna nchi ambazo wajibu wa kutunza paa, kuta na mifumo mikuu hauondolewi kwa maneno ya mkataba, hata kama uliyasaini. Kwingine kifungu kama hicho hukubalika kwa matengenezo madogo ya ndani tu. Peleka mkataba kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria wausome. Vituo vingi vya aina hiyo hutoa ushauri bila malipo. Wakati unasubiri jibu, endelea kutoa taarifa za uharibifu kama kawaida. Kunyamaza kwa sababu ya kifungu ambacho huenda hakina nguvu ni kupoteza muda wako mwenyewe.

4. Nimeshamwambia kwa mdomo mara nyingi. Hiyo haitoshi?

Kwa mwenye nyumba mwaminifu, inatosha. Tatizo ni kwamba unayemsumbukia sasa ndiye anayechelewa, na siku mtakapokaa mbele ya mtu wa tatu, “nilimwambia” itajibiwa na “hakuniambia”.

Kuna sababu nyingine ambayo wapangaji wengi hawaijui. Kwa uharibifu ulio ndani ya nyumba unayoishi, wajibu wa mwenye nyumba kwa kawaida huanza kuhesabiwa pale anapopata taarifa, kwa sababu yeye haishi humo na hawezi kuona. Taarifa isiyothibitika ni saa ambayo haijaanza kwenda. Unaweza kuishi na bomba linalovuja mwaka mzima, na kisheria ikaonekana kuchelewa kwake kumeanza wiki iliyopita.

Kama ulikuwa unasema kwa mdomo tu, usianze upya. Andika ujumbe unaotaja hizo mara za nyuma: “Kama nilivyokueleza tulipoonana mwanzoni mwa mwezi uliopita, na tena kwa simu wiki iliyopita…” Akikujibu bila kukanusha, umepata kumbukumbu ya yaliyopita pia.

## Kutoa taarifa

5. Niandike nini?

Andika kifupi: wewe ni nani, unakaa wapi, nini kimeharibika, tangu lini, kimeleta madhara gani, unaomba nini, lini, na unapatikana saa ngapi. Mfano:

“Shikamoo baba. Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya juu, upande wa kushoto. Tangu tarehe 3 mwezi huu paa linavuja juu ya chumba cha kulala. Maji yanashuka ukutani hadi karibu na soketi, kwa hiyo nimezima umeme wa chumba hicho. Nilikueleza kwa simu tarehe 4. Naomba fundi aje kabla ya tarehe 8. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi siku nzima. Nimeambatisha picha nne. Naomba unijibu hapa hapa ili tupange siku. Ahsante.”

Hakuna shutuma, hakuna kuleta mambo ya kodi au ya majirani. Kila sentensi ina kitu kinachoweza kuhakikiwa. “Nyumba mbovu, inavuja kila mahali” ni kilio cha kweli, lakini fundi hawezi kukifanyia kazi na hakimu hawezi kukipima.

6. Mwenye nyumba ni mtu mzima ninayemheshimu. Kumwandikia si utovu wa adabu?

Swali hili huwazuia watu wengi kuliko woga wa kufukuzwa, na linastahili jibu la heshima. Mpigie kwanza, au mwendee. Msalimie, mjulie hali, kisha eleza shida. Baada ya hapo ndipo umtumie ujumbe: “Shikamoo mama, nashukuru kwa kunisikiliza leo. Nimeona nikuandikie tuliyozungumza ili yasisahaulike.” Halafu weka maelezo kama kwenye swali la 5.

Ujumbe wa namna hiyo haumvunjii mtu heshima, unamsaidia. Mwenye nyumba mwenye vyumba vingi na mafundi wawili husahau kama mtu yeyote, na maandishi yako anaweza kumpelekea fundi moja kwa moja.

7. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, au lazima barua?

Kwa taarifa ya kwanza, ujumbe wa simu unatosha, hasa akiujibu. Soma hata hivyo kifungu cha taarifa kwenye mkataba wako. Kikisema taarifa itolewe kwa barua, peleka barua pia. Barua iwe na nakala mbili, na yeye au msimamizi wake asaini na kuweka tarehe kwenye nakala utakayobaki nayo. Akikataa kusaini, nenda na shahidi, mwachie, kisha umtumie ujumbe na picha ya barua hiyo.

Usitegemee ujumbe wa sauti. Ni mgumu kuurejea na rahisi kupotea simu ikiharibika. Na mazungumzo yahifadhi nje ya simu, kwenye barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini.

8. Nimpe muda gani?

Hatari ndiyo inayopanga muda. Umeme unaopiga watu, harufu ya gesi, maji taka yanayofurika ndani, dari inayoning'inia, mlango wa nje usiofungika: hayo ni ya siku hiyo hiyo. Kwa nyumba za umma na za mashirika ya makazi huko England, kanuni zilizoanza Oktoba 2025 zinataka hatari za dharura zishughulikiwe ndani ya saa 24. Ni kipimo kizuri cha kutaja hata mahali ambapo sheria haijataja saa.

Kukosa maji, choo kimoja kinachotegemewa na watu wengi kuziba, au paa kuvuja ni ya siku chache. Kitasa cha ndani, koki inayodondosha, bawaba ya kabati, yanaweza kusubiri wiki mbili au tatu. Siku zote taja tarehe kamili. “Haraka iwezekanavyo” haina mwisho.

9. Nani hasa nimwarifu: dalali, msimamizi au mwenye nyumba?

Mwarifu yule unayemlipa kodi na yule aliyetajwa kwenye mkataba. Kama ni watu wawili, wote wawili, katika ujumbe mmoja. Dalali aliyekutafutia nyumba na kuchukua malipo yake kwa kawaida hana wajibu wa matengenezo, ila kama anasimamia nyumba pia. Msimamizi akikwambia “nitamfikishia mzee”, mshukuru, kisha mwandikie mzee mwenyewe.

10. Picha zipigweje ili ziwe na maana?

Piga kwanza kwa mbali ili ionekane ni chumba gani, kisha karibu. Weka rula au sarafu pembeni ya ufa au doa ili ukubwa wake uonekane. Piga tena kila wiki ukisimama mahali pale pale. Kwa kitu kinachotembea, kama maji yanayodondoka au taa inayowakawaka, piga video na useme tarehe na saa kwa sauti yako. Usifute picha halisi baada ya kuzituma, kwa sababu programu za ujumbe hupunguza ubora wake na mara nyingi huondoa taarifa za tarehe zilizomo.

Pamoja na picha, weka daftari. Tarehe, kilichotokea, nani alisema nini, fundi gani alikuja na akafanya nini. Mstari mmoja kila mara unatosha.

## Anapochelewesha

11. Kila siku ananiambia “fundi anakuja kesho”. Nifanyeje?

Mbane kwa upole kwenye maandishi, kila mara. Akisema kesho, mwandikie: “Sawa baba, nitamsubiri fundi kesho tarehe 15 kuanzia saa tatu asubuhi.” Asipofika, jioni hiyo hiyo: “Fundi hakufika leo. Naomba tupange siku nyingine kabla ya tarehe 18.” Ahadi tatu zilizovunjwa zikiwa na tarehe zina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima yasiyo na tarehe.

Wakati mwingine anayekwamisha ni upatikanaji wa fundi. Unaweza kusema unamfahamu fundi bomba anayeweza kuja kesho na kumtumia mwenye nyumba makadirio yake. Wenye nyumba wengi hukubali hapo hapo, kwa sababu umeondoa kazi, hukuongeza.

12. Alituma fundi, lakini tatizo limerudi. Ninaanza upya?

Hapana. Matengenezo yanayodumu wiki mbili hayajamaliza wajibu. Mwandikie siku ileile liliporudi, taja tarehe ya matengenezo ya kwanza na fundi alifanya nini, kisha omba chanzo kitafutwe. Doa la dari likipakwa rangi bila bati au vigae kuguswa, litarudi mvua ijayo. Choo kinachozibuliwa kila mwezi kina tatizo kwenye bomba au chemba. Sema hivyo kwa maneno hayo hayo.

13. Anasema unyevunyevu na ukungu ni kosa langu, eti napika na kuanika nguo ndani. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli kwa sehemu, na mara nyingi si kweli. Kabla ya kubishana, tafuta chanzo, kwa sababu hapa ndipo wapangaji wengi wanaposhindwa bila sababu.

Unyevu huingia kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni maji yanayopenya: paa, ukuta wa nje uliopasuka, bomba lililotoboka ndani ya ukuta. Doa lake huwa mahali pamoja, lina ukingo wa kahawia, na hukua mvua inaponyesha au bomba linapotumika. Ya pili ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Huonekana chini ya ukuta, kwa kawaida hayapiti mita moja hivi kwenda juu, huacha chumvi nyeupe na kuifanya lipu ivimbe na kumeguka. Ya tatu ni mvuke wa ndani unaogeuka maji ukigusa ukuta wa baridi. Huu hutokea zaidi kwenye pembe, nyuma ya kabati na kuzunguka madirisha, na huleta vidoa vyeusi vilivyotawanyika.

Kuna jaribio rahisi. Futa sehemu ya ukuta ikauke juu juu, bandika kipande cha nailoni na ukizibe kingo zote kwa utepe, kisha uache siku moja au mbili. Maji yakijitokeza upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakijitokeza upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Piga picha ya matokeo. Kwa bomba lililofichika, funga koki zote, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa mbili, kisha isome tena. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja.

Maji yanayopenya na yanayopanda hayana uhusiano na upishi wako. Hata mvuke si lazima uwe wako peke yako: nyumba isiyo na dirisha linalofunguka jikoni au bafuni haina pa kutolea mvuke, na dirisha hilo ni la mwenye nyumba. Fungua madirisha unapopika na kuoga, acha nafasi kati ya kabati na ukuta, na uandike kwamba umefanya hivyo. Ukungu ukiendelea, hoja yake imeisha. Usisubiri sana, kwa kuwa kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, na ukungu huwaathiri zaidi watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Mtu akiugua, mwone daktari na umwombe aandike hali ya nyumba kwenye maelezo yake.

14. Naweza kuacha kulipa kodi mpaka atengeneze?

Hasira ya kulipia nyumba inayovuja ni ya haki. Hata hivyo, usifanye hivyo bila ushauri wa kisheria wa nchi yako. Ukiacha kulipa, kesi inayokuhusu haitakuwa tena ya paa. Itakuwa ya deni, na kwenye deni mwenye nyumba ana karatasi zote.

Sheria hapa zinapishana sana. Ujerumani, kifungu cha 536 cha Sheria ya Kiraia kinapunguza kodi kwa kadiri ya upungufu wa nyumba, na hata huko mpangaji lazima awe ametoa taarifa. Baadhi ya majimbo ya Marekani humruhusu mpangaji aweke kodi mahakamani mpaka matengenezo yafanyike. England, anayezuia kodi kwa uamuzi wake anajiweka kwenye hatari ya kuondolewa kwa sababu ya malimbikizo. Jirani akikwambia “mimi niliacha kulipa na akatengeneza”, huenda alibahatika tu.

Njia salama ni kulipa na kuandika. Tuma kodi, kisha: “Nimelipa kodi ya mwezi huu. Malipo haya hayamaanishi nimeridhika na hali ya paa, ambayo nimeiripoti tarehe 3, 8 na 15.” Baadaye unaweza kuomba upunguziwe kwa miezi uliyoishi kwenye nusu ya nyumba.

15. Naweza kutengeneza mwenyewe na kukata kwenye kodi?

Kwa ridhaa yake ya maandishi, ndiyo, na ni suluhisho zuri kwa mambo madogo. Pata makadirio ya mafundi wawili, mtumie, subiri aandike “sawa, tengeneza, utakata mwezi ujao”. “Sawa” ya mdomo iandikie ujumbe kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6. Tunza risiti ya vifaa, stakabadhi ya fundi, na kifaa cha zamani kilichotolewa.

Bila ridhaa, iulize sheria kwanza. Zipo nchi zinazoruhusu baada ya taarifa na muda wa kutosha, zipo zisizoruhusu. Na hata ukiruhusiwa, usiguse paa, nguzo, nyaya za umeme au gesi. Likitokea janga, lawama itahamia kwako.

## Mambo ya hatari

16. Nikigusa bomba au friji napigwa na umeme. Nisubiri fundi wa mwenye nyumba?

Usisubiri. Zima swichi kuu, waambie waliomo ndani na majirani wanaotumia laini hiyo, na umwite fundi umeme mwenye leseni au shirika la umeme. Umeme unaoonekana kwenye bomba, sinki au ukuta uliolowa una maana kwamba waya umevuja na kinga ya ardhini haifanyi kazi au haipo. Mshtuko mdogo leo unaweza kuua kesho mtu akiwa na miguu iliyolowa.

Mwandikie mwenye nyumba papo hapo, na uombe pamoja na matengenezo kiwekwe kikata umeme kinachohisi mvujo. Kile cha kulinda watu kwa kawaida hukata mkondo unapovuja miliampia 30. Usikubali fundi “aunganishe tu kwa sasa”. Soketi yenye alama nyeusi au harufu ya kuungua nayo iache kutumika siku hiyo hiyo.

Jiko au hita ya gesi inayotoa mwali wa manjano na masizi ni hatari ya aina hiyo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kuumwa kichwa kwa watu wote wa nyumba, kunakopungua wakitoka nje, ni ishara ya kuondoka mara moja.

17. Kuna ufa ukutani. Nitajuaje kama ni wa hatari?

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Zitilie shaka zile zinazozidi milimita tano, zinazopanda kwa mshazari kutoka pembe za milango na madirisha, zinazoonekana ndani na nje ya ukuta, au zinazofanya milango igome kufunga. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Ufa ukivuka alama, unakua, na hapo omba mhandisi au mkaguzi wa majengo wa halmashauri aje. Dari inayoning'inia au iliyojaa maji ondoka chini yake, hamisha kitanda usiku huo huo.

18. Chemba inafurika na maji taka yanarudi ndani. Nimpigie nani?

Mwenye nyumba na ofisi ya afya ya eneo lako, siku moja. Maji taka ni suala la afya ya umma, na maofisa wa afya katika nchi nyingi wana mamlaka ya kumwamuru mwenye jengo arekebishe kwa tarehe maalumu. Amri yao ni ushahidi ambao huwezi kuutengeneza mwenyewe. Waweke watoto mbali, usitumie maji ya kisima kilicho jirani na chemba bila kuyatibu, na utupe chakula kilichoguswa.

## Mambo yakifika mbali

19. Nimeandika, nimesubiri, hajibu. Hatua inayofuata ni ipi?

Tuma barua moja ya mwisho. Orodhesha tarehe za taarifa zote, ahadi zote na madhara, mpe muda wa mwisho kulingana na swali la 8, na ueleze utakwenda wapi muda huo ukipita. Usitishe kitu usichokusudia kukifanya.

Kisha nenda kweli. Kutegemea unakoishi, milango ni ofisi ya mtaa kwa usuluhishi, idara ya afya au majengo ya halmashauri kwa hatari, baraza la nyumba au pango, na mahakama ya madai madogo. Mkaguzi anafaa kutangulia, kwa kuwa ripoti yake utaitumia mbele ya wote waliobaki. Nenda na kurasa chache zilizopangwa kwa tarehe. Mtu anayekusikiliza ana wengine wengi nje.

20. Ameniambia kama sipendi nihame. Anaweza kunifukuza kwa kulalamika?

Katika nchi nyingi hawezi kukutoa bila notisi na, ukigoma kutoka, bila amri ya mahakama. Kubadilisha kitasa, kung'oa mlango, kukata maji au umeme ili uondoke ni makosa sehemu nyingi, hata kama unadaiwa kodi. Likitokea, piga picha, ita shahidi, ripoti polisi na uombe amri ya dharura ya mahakama.

Tusifiche kwamba sheria haziwalindi wapangaji kwa kiwango kimoja. Mahali ambapo mkataba unaweza kumalizwa bila sababu, mwenye nyumba anaweza kusubiri tu muda wako uishe. Kwa hiyo lipa kodi kwa wakati, usimpe sababu nyingine, na kama una familia, anza kuulizia nyumba kimyakimya huku ukiendelea kudai. Mambo hayo mawili hayapingani.

21. Wapangaji wote tuna shida hiyo hiyo. Tuandike pamoja?

Ndiyo, hasa kwa paa, tangi, pampu, ngazi na chemba. Barua moja yenye saini za wote ni ngumu kupuuzwa, na ni vigumu kuwafukuza wote. Kila mmoja aongeze ukurasa wake wa madhara. Msichaguane kuwa “kiongozi” mmoja anayepiga simu zote. Zungusheni, asije akabeba chuki peke yake.

22. Naweza kukataa fundi asiingie nisipokuwepo?

Unaweza kudai taarifa mapema na saa inayofaa, isipokuwa kwa dharura kama bomba lililopasuka. Usiweke masharti yanayofanya kazi ishindikane. Mwenye nyumba akionyesha kwamba fundi alirudishwa mlangoni mara mbili, ucheleweshaji utaanza kuhesabiwa kwako. Kama huwezi kuwepo, teua ndugu au jirani na uandike jina lake kwenye ujumbe.

23. Godoro, nguo na kompyuta vimeharibiwa na maji. Nitalipwa?

Nafasi yako inategemea kama alijua na akachelewa. Bomba lililopasuka ghafla usiku ni ajali. Bomba uliloripoti mwezi mzima kabla ni uzembe. Piga picha vitu kabla ya kuvitupa, tafuta risiti, na udai thamani ya kitu kilivyokuwa, si bei ya kipya. Wewe pia unatarajiwa kupunguza hasara: kitanda kilichoachwa chini ya tundu unalolijua kitakugharimu hoja.

24. Niliona ubovu nilipokuja kuangalia nyumba, nikaingia hivyo hivyo. Bado naweza kudai?

Kwa hatari za afya na usalama, kwa kawaida ndiyo. Kwa rangi iliyobanduka au kabati bovu, atasema ulikubali ukiiona, na pengine ndiyo maana kodi ilikuwa nafuu. Kama aliahidi kurekebisha ukihamia, tafuta ujumbe wa wakati ule.

25. Nyumba imeuzwa, au mwenye nyumba amefariki. Madai yangu yamekufa?

Kwa kawaida wajibu wa matengenezo humfuata mmiliki mpya kuanzia siku anapoichukua nyumba. Mpe mkono wa pole au salamu za kumfahamu, kisha mtumie taarifa mpya yenye nakala za zile za zamani, kwa sababu yeye hakuzipokea. Kwenye msiba, muulize nani anasimamia mirathi na umwandikie huyo. Usichukue upande kati ya warithi, na usimlipe mtu kodi mpaka aonyeshe ana mamlaka ya kuipokea.

26. Nimepangishwa na mpangaji mwenzangu. Nimdai nani?

Mdai uliyekubaliana naye na unayempa kodi. Kwako yeye ndiye mwenye nyumba. Yeye naye amdai aliye juu yake. Ukimwendea mmiliki moja kwa moja, unaweza kugundua kwamba hakujua upo, na kama mkataba wa mwenzako ulimkataza kupangisha, wote wawili mko hatarini. Kwa hatari kama za swali la 16, mwarifu mmiliki hata hivyo. Uhai kwanza.

27. Mwenye nyumba kweli hana pesa. Namuonea huruma, lakini paa linavuja.

Wapo wajane na wastaafu ambao kodi yako ndiyo chakula chao. Kukosa pesa hakumwondolei wajibu, lakini kunabadilisha namna ya kuzungumza. Pendekeza kazi igawanywe: kwanza yale bati tatu zinazovuja, baadaye paa zima. Au utangulize kodi ya miezi michache iende moja kwa moja kwa fundi na vifaa, kwa maandishi yaliyosainiwa na wote wawili yanayotaja kiasi, miezi iliyolipwa na kazi itakayofanyika. Usimkabidhi fedha mkononi ukitumaini zitafika kwenye paa, hata kama mnapendana. Na weka tarehe ya kuanza na kumaliza, kama ambavyo ungeweka kwa mwenye nyumba mwingine yeyote.